Bagi ya rimoti kwenye udongo wa kichuguu: miezi mingi ya kutafuta kwa nini mkia unateleza

Kiwanja chetu cha motokari za rimoti kiko upande wa Kasapa, hapa Lubumbashi, kwenye shamba la rafiki mmoja ambapo zamani watu walikuwa wanafyatua matofali. Kona ya tatu inapinda kushoto mara tu baada ya mruko, na kwa miezi mingi bagi yangu haikuweza kuipita bila kuzunguka na kutazama ilikotoka. Wenzangu waliipita wanaongea. Mimi nilishikilia rimoti mpaka vidole vinauma.

Naandika kwa sababu mwezi uliopita kijana mmoja kutoka Katuba alikuja kwangu na bagi yenye ugonjwa uleule. Mkononi alikuwa na orodha ya vipuri vya karibu dola 200 ambavyo alitaka kuagiza. Nilimwomba asitume pesa kwanza. Tulikaa saa nzima tukiongea, saa ile haikutosha, nikaona bora niyaweke yote mahali pamoja.

Kwa asiyejua: bagi ni motokari ndogo za mashindano zinazokimbia kwenye udongo, zinazoongozwa kwa rimoti. Yangu ni ya kipimo cha 1/8, ya umeme, magurudumu yote manne yanasukuma, na ikiwa na betri ina uzito wa kilo 3 na nusu hivi. Ndani ina difu tatu, ya mbele, ya katikati na ya nyuma; difu ni gia zinazoruhusu magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti. Ina shokapu nne zenye oili na springi kama za gari la kweli. Kila kitu ndani yake kinaweza kubadilishwa. Huo ndio utamu wake, na ndio ulionipoteza mimi.

Niliinunua mwezi wa kumi na mbili ikiwa imetumika, kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Dola 280 pamoja na rimoti na betri moja. Ilikuwa katikati ya masika, na ukijua Lubumbashi unajua udongo mwekundu unavyokuwa wakati huo. Kiwanja kilikuwa kama siagi. Kila mtu anateleza, kila mtu anazunguka, na mimi nikazunguka pamoja nao nikadhani ndivyo mchezo ulivyo. Tope lilinificha ugonjwa wa gari langu miezi mitano mizima. Ndiyo maana leo mtu akinunua bagi ya mkono wa pili wakati wa mvua namwambia aipeleke kwanza kwenye uwanja mkavu wa saruji, aikimbize polepole kwa mduara, kulia na kushoto, kabla ya kutoa pesa.

Mwezi wa tano mvua zikawa zimekwisha. Wenye kiwanja wakaleta udongo wa kichuguu kutengeneza kona na miruko upya. Hapa kwetu vichuguu ni vilima kabisa, vingine virefu kuliko nyumba, na udongo wake una mfinyanzi mwingi. Ndio huohuo watu wanaofyatulia matofali. Ukiumwagia maji, ukaukanyagakanyaga, ukauacha jua liupige siku mbili, unakuwa mgumu kama sakafu. Magari yakipita mara nyingi mahali pamoja, panatokea mstari mweusi unaong'aa, na nje ya mstari ule kuna vumbi jepesi kama unga wa muhogo. Mstari unashika. Vumbi halishiki hata kidogo.

Wenzangu siku ile walianza kwenda kasi. Mimi nikabaki nazunguka peke yangu.

Sasa nieleze kwa mpangilio makosa niliyoyafanya, kwa sababu kila moja lilionekana la akili wakati wake.

Kwanza nilisema mkia unateleza kwa kuwa nyuma kunainama sana, basi nikaze nyuma. Niliagiza springi ngumu zaidi. Huku kwetu hakuna duka la vitu hivi. Unaagiza Afrika Kusini au unampa msafiri pesa, mzigo unafika Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mtu wa basi anauchukua, naye anataka chake. Springi za dola 14 zilinifikia kwa dola 27. Nikazifunga. Gari likawa baya zaidi. Nikasema bado hazijawa ngumu vya kutosha, nikabadilisha pia ule waya wa chuma unaounganisha mkono wa kushoto na wa kulia (mkono ni kile kipande kinachoshika gurudumu) ili gari lisilale kwenye kona, nikaweka mnene. Likawa baya mara mbili.

Leo najua nilikuwa nakwenda kinyume kabisa. Ukikaza nyuma, tairi za nyuma zinapoteza kushika, na gari linakata kona zaidi kwa mbele. Ukitaka nyuma kushike, unalegeza nyuma, springi laini kidogo au waya mwembamba. Ukitaka mbele kushike, unalegeza mbele. Upande unaoukaza ndio unaoteleza kwanza. Sentensi hiyo moja ingeniokolea dola 60, ndiyo maana nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari langu.

Kisha nilinunua mikono ya nyuma ya aluminiamu, dola 48 rangi ya buluu, kwa sababu niliiona nzuri kwenye video. Mikono ile iliongeza uzito, na nilipogonga bomba la pembeni haikuvunjika yenyewe, ikapeleka pigo ndani na kuvunja mahali inaposhikizwa. Ule wa plastiki ungevunjika wenyewe kwa dola 9. Sisemi aluminiamu ni mbaya kila mahali, ila mkono wa gari la udongo unatakiwa upinde kidogo ndipo uishi.

Nilibadilisha tena oili ya shokapu, pembe za magurudumu na kimo cha gari, yote Jumamosi moja, asubuhi moja. Jioni gari lilikuwa tofauti na sikujua ni kitu gani kimelibadilisha. Nilirudi nyumbani nimekaa nyuma ya taksibisi, bagi magotini, nikifikiria kuiuza. Mke wangu aliniuliza nimekuwaje mpaka siioni hata bukari, yaani ugali, iliyo mbele yangu. Sikuwa na jibu la kumpa. Kitu ambacho nilikinunua kinipumzishe kilikuwa kinanitesa, na pesa ilikuwa ya nyumba.

Aliyenitoa pale ni mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya reli. Hachezi magari haya. Alikuja kiwanjani kumsindikiza mjukuu wake, akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, akatazama. Baada ya dakika kama ishirini akaniita.

"Mwanangu, motokari yako inazunguka kona zote?"

"Ndiyo, Papa."

"Tazama vizuri. Kona za kulia pia?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Niliirudisha kiwanjani, nikaizungusha kulia mara kumi, kisha kushoto mara kumi. Kulia mkia uliteleza kidogo nikaweza kuushika. Kushoto ulifyatuka kila mara. Mzee akasema, "Basi si springi. Springi ulizinunua mbili zinazofanana. Kuna kitu kimoja upande mmoja."

Fikiria mtu ananiuliza swali moja na kwa swali lile dola zote nilizotumia zinakosa maana.

Alinifundisha pale pale. Tulitoa shokapu zote nne ili mikono ibaki huru. Akasema ninyanyue kila mkono kwa kidole na kuuachia, uanguke wenyewe kwa uzito wake. Wa mbele kushoto ulianguka. Wa mbele kulia ulianguka. Wa nyuma kushoto ulianguka. Wa nyuma kulia nilipouachia ulibaki juu, umesimama hewani kama mlango wenye bawaba za kutu. Nilitazama mkono ule nikahisi moyo unapiga. Gari linapopinda kushoto uzito wote unalala kwenye gurudumu la kulia, na gurudumu langu la nyuma kulia halikuwa linafuata mashimo ya njia, lilikuwa linaruka juu yake.

Tulitoa pini ya chuma inayoshika mkono ule. Kwa macho ilikuwa imenyooka. Mzee akaomba kioo, tukaweka simu yangu chali juu ya meza na kuiviringisha pini juu ya kioo cha simu polepole kwa ncha ya kidole. Ikawa inakwenda, inasita, inakwenda, inasita. Katikati palipenya mwanga mwembamba kama unywele. Pini ya dola 4! Nadhani ilipinda siku nilipogonga lile bomba, au ilikuja imepinda tangu siku ya kununua. Nilikuwa nimehamishia pini ileile kwenye mikono mipya ya aluminiamu.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa mpangilio wowote, toa shokapu zote na uone kila mkono unaanguka wenyewe. Zungusha kila gurudumu kwa mkono usikie kama kuna beringi inayokwaruza. Shika gurudumu utikise kulia na kushoto uone kama kuna kulegea kulikozidi kwenye viungo vya usukani. Weka tumbo la gari tupu juu ya kioo cha dirisha au marumaru uone kama limejipinda. Inachukua nusu saa na haigharimu kitu. Gari lililopinda haliwezi kupangwa, utapanga kosa juu ya kosa.

Pini mpya ilipofika, kulia na kushoto vikawa sawa. Lakini gari bado lilikuwa linateleza mkia kila nikivuta triga, kile kitufe cha mwendo kwenye rimoti, kutoka kwenye kona. Sasa lilikuwa linateleza kwa haki, pande zote mbili. Hilo lilinifurahisha kuliko unavyoweza kudhani, kwa sababu ugonjwa ulio sawa pande zote ni ugonjwa wa mpangilio, na mpangilio unaweza kuutafuta.

Nikafungua difu. Nilikuwa nimeziogopa miezi yote ile. Niliweka sinia la aluminiamu la jikoni juu ya meza, kitambaa cheupe juu yake ili skrubu zisipotee, na nikaanza na ya katikati. Tatizo la kwanza lilikuwa vichwa vya skrubu. Funguo zangu za bei nafuu zilikuwa zimevila, kimoja kikawa duara kabisa, ikabidi nikichonge mfereji kwa msumeno mdogo. Kama una dola 20 za kwanza za kutumia kwenye mchezo huu, nunua funguo nzuri za pembe sita za milimita 2 na 2.5 kabla ya kitu kingine chochote.

Ndani ya difu kuna meno madogo ya gia yanayolala kwenye oili ya silikoni. Uzito wa oili ndio unaoamua magurudumu yaachane kiasi gani. Nilipoinua kifuniko, oili haikumwagika. Niliinamisha difu juu ya sinia, nikasubiri, ikajivuta taratibu kama asali iliyokaa kwenye baridi, rangi ya kijivu yenye vumbi la chuma. Ya nyuma ilikuwa hivyohivyo. Aliyenitangulia alikuwa ameweka oili nzito sana katikati na nyuma. Labda alikimbiza kwenye zulia au mahali panaposhika sana, sijui, na simlaumu. Kwenye udongo wetu wa kiangazi ilikuwa sumu. Difu ya katikati ikiwa nzito, nguvu ya mota inafika kwenye magurudumu yote kwa mshituko mmoja, na gari linakwenda kama mshale kwenye mstari ulionyooka, lakini ukivuta triga kabla kona haijaisha mkia unatoka. Difu ya nyuma ikiwa nzito, magurudumu mawili ya nyuma yanalazimishwa kuzunguka pamoja hata ndani ya kona, na moja lazima liteleze.

Nilisafisha gia kwa petroli kidogo na mswaki, nje, mbali na jiko, nikazikausha usiku mzima. Karatasi nyembamba ya kuzuia oili ilikuwa imechanika, nikaweka mpya. Nikajaza 7,000 mbele, 7,000 katikati na 3,000 nyuma (ni namba za uzito wa oili, kubwa ndiyo nzito), namba ambazo watu wengi wa bagi hizi wanaanzia. Usijaze mpaka ukingoni. Jaza oili ifunike gia ndogo, subiri dakika kumi mapovu yapande, kisha funga. Ukijaza kupita kiasi itatafuta mahali pa kutokea.

Jumamosi iliyofuata niliipita kona ya tatu mara sita mfululizo. Mara ya saba nilizunguka, na hiyo ilikuwa ya kidole changu.

Baadaye, mwezi wa nane, vumbi lilipozidi, niliteremsha ya katikati hadi 5,000. Gari likawa jepesi zaidi kuliongoza, ingawa kwenye mstari ulionyooka lilipoteza kidogo ule mshituko wa kuondoka. Ya mbele niliijaribu kuwa nyepesi pia, 5,000. Iliingia kona kwa ukali zaidi nikiachia triga, lakini wakati wa kutoka pua ilikuwa inavuta kidogo tu. Nikarudisha 7,000. Hayo ni mapendeleo yangu, mwenzangu mmoja anapenda ile nyepesi na ananishinda nayo.

Kuhusu tairi nitasema kwa msisitizo, kwa sababu hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko vipuri vyote. Nilikuwa na tairi za vidole vikubwa, virefu, kwa mawazo kwamba udongo ni udongo. Kwenye tope na kwenye vumbi la kina zinachimba vizuri. Lakini kwenye udongo wa kichuguu ulioshindiliwa, vidole virefu havina pa kuchimba. Vinasimama juu ya sakafu ngumu na kupinda. Ukilitazama gari kwa karibu kwenye kona unaliona linaogelea, linakwenda upande nusu sekunde kabla ya kushika. Nilinunua tairi za vidole vidogo vingi, vifupi, vya mpira wa ulaini wa kati. Dola 52 kwa nne zikiwa zimeshagundishwa kwenye rimu. Zilinipunguzia sekunde mbili kwenye mzunguko mmoja. Hakuna springi duniani iliyowahi kunipa sekunde mbili.

Ulaini wa mpira nao unafuata hewa. Asubuhi ya mwezi wa saba huku kwetu ni baridi ya makoti, mpira mgumu unakuwa kama mbao. Mwezi wa kumi jua linawaka, mpira laini unayeyuka kwa siku mbili za mazoezi. Mimi nakaa katikati kwa sababu ya mfuko. Na kila baada ya mazoezi pinda ukingo wa tairi kwa dole gumba kuzunguka rimu yote, uone gundi imeachia wapi. Tone moja la gundi kali leo linaokoa tairi nzima kesho.

Shokapu nazo zilikuwa na siri yao. Nilitoa moja, nikaishika karibu na sikio, nikaisukuma taratibu. Ilitoa sauti, chwiii, kama mtu anayenyonya maji ya mwisho kwenye chupa. Hiyo ni hewa. Nyingine mbili zilikuwa na sauti hiyo, ya nne ilikuwa kimya. Maana yake nilikuwa na shokapu nne zenye tabia nne, nami nimenunua springi! Nilizifungua zote siku moja, nikajaza oili, nikapandisha na kushusha pistoni polepole mara nyingi, nikaziacha zimesimama wima kwenye matundu niliyotoboa kwenye kipande cha ubao mpaka mapovu yakaisha. Kisha nikazipima zikiwa zimenyooka, za mbele mbili ziwe na urefu mmoja kwa kipimo cha vernia, za nyuma hivyohivyo. Tofauti ya milimita moja gari linaisikia.

Kwenye oili ya shokapu niko 450 mbele na 400 nyuma. Baridi ya asubuhi inaifanya iwe nzito, basi mwezi wa sita na wa saba nateremsha kidogo, 400 na 350. Mwanzoni sikuamini. Nilifanya mazoezi asubuhi na mchana wa siku moja bila kugusa chochote, na ule mruko wa kona ya tatu asubuhi uliniangushia gari kama jiwe, mchana likatua kama paka.

Sasa daftari. Ni daftari la shule la kurasa 100. Kila ukurasa una tarehe, hali ya hewa, kiwanja kikavu au kimemwagiwa maji, tairi gani, oili gani, na kitu kimoja tu nilichobadilisha siku ile. Naendesha dakika tano, mpwa wangu anapima kila mzunguko kwa simu na kuandika. Sitazami mzunguko wa kasi kuliko yote, natazama kama mizunguko inafanana. Mwezi wa tano nilikuwa na mzunguko mmoja wa sekunde 33 na mingine ya 41, 38, 45. Mwezi wa tisa nilikuwa 34, 34, 35, 34. Gari la 34 zote linalishinda gari la 33 moja. Na kama badiliko halijasaidia, narudisha kama lilivyokuwa kabla ya kujaribu lingine. Hilo la kurudisha ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mtu hapendi kufungua skrubu alizozifunga sasa hivi.

Kuna vitu vya kupima ambavyo havihitaji vifaa vya bei. Kwa kimo cha gari, fundi seremala alinikatia vipande viwili vya mbao, cha milimita 27 na cha 29. Gari likiwa na betri yake naliangusha kutoka kimo cha kiganja, likitulia nasukuma kipande cha 27 chini ya mbele na cha 29 chini ya nyuma. Kwa mlalo wa gurudumu natumia mraba wa seremala. Tairi za bagi hii zina kimo cha karibu sentimita 11, kwa hiyo gurudumu likilala ndani digrii 2 juu linaachana na mraba kwa karibu milimita 4. Magurudumu ya nyuma yatazamane ndani kwa mbele, digrii 3 hivi, usiyanyooshe, utapoteza kushika ukivuta triga. Ya mbele nayaacha yamenyooka.

Betri niliipoteza moja kwa uzembe na inaniuma. Niliichaji ikajaa siku ya Ijumaa, Jumamosi umeme na mvua ya ghafla vikavuruga mpango, nikaiacha imejaa wiki tatu kwenye kabati. Nilipoifungua ilikuwa imevimba kama mkate. Dola 75. Betri hizi za lithiamu zikiwa hazitumiki ziachwe kwenye volti 3.8 kwa kila seli, si zimejaa, si tupu. Zichajiwe mtu akiwepo, kwa chaja yenye kusawazisha seli, juu ya saruji, mbali na pazia. Iliyovimba usiitoboe wala usiichaji tena. Mimi nina ndoo ya mchanga kando ya chaja, na watoto wanajua hawaigusi.

Nilihesabu. Vitu nilivyonunua bila kuvihitaji, springi, waya mnene, mikono ya buluu, na usafiri wake kutoka mpakani, vilifika dola 170 na ushei. Vitu vilivyoponya gari, yaani pini, oili, karatasi za difu, tairi na funguo, havikufika 130, na tairi ndizo zilizokula sehemu kubwa. Mikono ya aluminiamu bado ninayo. Nimerudisha ya plastiki.

Kijana wa Katuba alikuja tena Jumapili. Tulitoa shokapu, mikono yake yote ikaanguka vizuri, kwa hiyo si pini. Tukafungua difu ya nyuma ikawa kavu kabisa, oili yote imevuja, gia zimeanza kuwa nyeupe kwenye meno. Mzee wa reli alikuwepo, akachukua gia moja, akaigeuza kwenye mwanga, akasema, "Hii bado inaweza kufanya kazi." Tumeijaza 3,000. Orodha ya dola 200 ameikunja akaiweka mfukoni, na amenunua daftari.

Mvua za mwezi wa kumi na moja ziko karibu. Kiwanja kikianza kuloa nitarudisha tairi za vidole vikubwa, nipandishe gari milimita 3, na nifunge mfuko wa plastiki kwenye risiva, kile kifaa ndani ya gari kinachopokea amri za rimoti. Kwenye daftari langu zimebaki kurasa sita.